Unene wa Binti Yangu

Nilipomkuta binti yangu kijijini Kwedizinga alikuwa amenenepa. Ndivyo nilivyoona mimi, na ndivyo alivyosema kila mtu. Mashavu yalikuwa yamejaa, miguu imejaa, ngozi ya juu ya nyayo inang'aa kama imepakwa mafuta. Nilishuka kwenye lori na mzigo wangu kichwani, na kabla sijaingia uani kwa mama, jirani aliyekuwa anatwanga aliusimamisha mchi wake akaniambia, "Mtoto wako ametunzwa huyo. Mtazame alivyo bonge."

Nilimshukuru mama yangu kwa kupiga magoti. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimemletea mtoto mwembamba wa mwaka mmoja na nusu, anayelia ziwa. Nilikuwa nimeshika mimba nyingine, na kwetu mwanamke akishika mimba humwachisha mtoto siku ileile, kwa kuwa maziwa huhesabiwa kuwa ni ya yule aliye tumboni. Mume wangu alifanya kazi katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, kwenye korona, ile nyumba ya mashine inayokamua majani ya mkonge. Katika chumba chetu kimoja cha kambini mtoto angeniona kila dakika na kukililia kifua. Kwa hiyo nilimpeleka kwa bibi yake ili asahau.

Na kweli alikuwa amesahau. Nilipomnyooshea mikono hakuja. Hakukimbia pia. Aliketi palepale mkekani, akanitazama kama anavyotazamwa mpita njia, halafu akageuza uso.

"Mbona hachezi?" nilimwuliza mama.

"Ameshiba," mama alijibu. "Anakula bada asubuhi, mchana na jioni."

Bada ni ugali wetu wa muhogo. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa bado mabua, muhogo ndio uliokuwapo. Mtoto alikula bada na mlenda, akalala, akaamka, akala bada na mlenda. Hakunyimwa. Nataka jambo hilo lieleweke: katika nyumba ya mama yangu hakuna mtoto aliyewahi kunyimwa chakula.

Siku ya tatu nilianza safari ya kurudi. Lori la kutoka Handeni lilitushusha Segera, pale barabara zinapokutana, tungoje gari jingine la Korogwe. Kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja alikaa mwanamume mwenye koti jeupe la daktari, limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Mbele yake palikuwa na meza, chupa za dawa ya rangi ya kahawia, na kibao. Nilikuwa nimejifunza kusoma kidogo, nikakisoma herufi kwa herufi: BINGWA WA CHAKULA NA SIHA. Watu walikuwa wamepanga mstari.

Nilijiunga nao. Sikuwa na wasiwasi mkubwa, nilitaka tu kuuliza kwa nini mtoto mnene namna ile hachezi. Zamu yangu ilipofika, yule bwana alimtazama binti yangu akiwa kakaa vilevile, mikono kaikunja mezani. Hakumgusa.

"Mayai asile," alisema. "Maziwa asinywe. Nyama, maharage, karanga, mwiko. Vitu hivyo vinalichosha ini. Mpe uji mwepesi wa muhogo na kijiko kimoja cha dawa hii kila asubuhi."

Alisema haraka, bila kusitasita, kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayohayo mara nyingi, nami nilidhani kusema haraka namna ile ndiyo elimu yenyewe. Hakuna aliyemwuliza amesoma wapi. Mimi pia sikumwuliza. Nilichukua chupa, nikamshukuru.

Kambini nilifuata kila neno. Kila wiki tulipokea posho ya shambani, unga, maharage na chumvi, na maharage yote nilimpikia mume wangu. Mtoto alipata uji wa muhogo na kijiko cha dawa. Baada ya wiki mbili nywele zake zilianza kubadilika, zikawa nyekundunyekundu, laini, zinabaki kwenye kitana. Ngozi ya mapajani ikaota mabaka meusi, kisha ikaanza kubanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alitoa sauti ndogo ya kunung'unika, mchana kutwa, ileile moja.

Wanawake wenzangu bombani walianza kunyamaza nilipofika. Nilijua wanachosema, wanasema mtoto kabemendwa. Kumbemenda mtoto ni kumharibu kwa kukutana na mume kabla hajaacha ziwa, na mimi tumbo langu lilikuwa linaonekana wazi, sikuwa na pa kulificha. Niliacha kwenda bombani saa za watu wengi.

Mmoja tu ndiye aliyenifuata. Alikuwa mama wa chumba cha tatu kutoka chetu, amezaliwa humohumo kambini. Baba yake aliletwa kutoka mbali kuwa manamba, kibarua wa mkataba, akafia huku. Aliingia kwangu bila kubisha, akamfunua mtoto, akamtazama miguu.

"Wangu wa pili alikuwa hivihivi," alisema. "Nenda mjini Korogwe kwenye kliniki ya watoto. Yuko msichana pale amesomea chakula. Kazi yake ni hiyo tu."

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa amekaa mlangoni, anakwangua ute wa mkonge mikononi.

"Wa kwanza ametuambia hivi, na wa pili atatuambia vile," alisema. "Tutajuaje yupi anajua?" Akaendelea kukwangua. "Mwulize amesoma wapi. Akuonyeshe cheti chake. Asipokuwa nacho, rudi."

Niliona haya hata kabla ya kwenda. Kumwuliza cheti mtu wa serikali!

Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi. Niliongoza moja kwa moja kwa Mzungu mmoja mwanamke aliyekuwa anaandika kwenye daftari, nikasema nimekuja kwa ajili ya chakula. Alininyooshea kidole upande wa pili. Nilipogeuka nilimwona msichana mwembamba, mweusi kama mimi, mdogo kuliko mimi, amefunga kitambaa cheupe kichwani, anaosha vikombe. Nilidhani ndiye mfagiaji. Nikaketi kwenye benchi kumngoja mwenye kazi.

Msichana alijifuta mikono akanijia. "Karibu, mama. Mimi ndiye niliyesomea chakula." Kiswahili chake kilikuwa na Kishambaa ndani yake. Baadaye nilijua kwao ni upande wa Lutindi.

Nilisema, "Nilitaka mkubwa wako."

"Ukitaka daktari nitakupeleka," alijibu bila kuudhika. "Lakini kwa chakula atakurudisha kwangu."

Nikakumbuka mume wangu. Nilitazama sakafu, nikasema, "Nimeambiwa nikuulize umesoma wapi. Na kama una cheti."

Nilitegemea anifukuze. Alikwenda ukutani, akatungua karatasi iliyokuwa ndani ya kioo, akaiweka mapajani mwangu. Ilikuwa ya Kiingereza. Akanifuatishia kwa kidole, mstari mmoja mmoja: hapa ni jina langu, hapa ni chuo nilikosomea unesi, hapa ni masomo ya chakula cha watoto na wajawazito niliyoongezewa baadaye, hii ni sahihi ya mkuu wa chuo.

"Umefanya vizuri kuuliza," alisema. "Kuna mwingine aliyekushauri kabla yangu?"

"Yuko. Wa Segera."

"Naye ulimwuliza?"

Masikio yaliniwaka moto.

Alimpima mtoto kwenye mizani. Kisha akaketi chini sakafuni, akaushika mguu wa binti yangu, akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, polepole, akahesabu kimoyomoyo. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Nilingoja lijae. Halikujaa. Ngozi ya mwanangu ilikuwa imebonyea kama udongo wa mfinyanzi, na shimo lilikaa pale likinitazama.

Nilimvuta mtoto kwangu. "Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Hayo ni maji, mama. Mtoto huyu si mnene. Mtoto huyu ana njaa."

Nilisimama. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. "Anakula mara tatu kwa siku! Kwa mama yangu alikula mara tatu, na kwangu anakula mara tatu!"

"Nakuamini," alisema. "Tumbo limejaa kila siku. Lakini muhogo mtupu hauna cha kuujenga mwili wa mtoto. Keti unieleze. Jana alikula nini, tangu alipoamka?"

Nilimweleza. Aliuliza na ya juzi. Aliuliza nani anapakuliwa kwanza nyumbani, maharage ya posho yanaliwa na nani, mimi mwenyewe na tumbo langu nakula nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nakula nini. Nilipotaja ini na yale yaliyokatazwa, kalamu yake ilisimama.

"Nani alikuambia habari za ini?"

Nilitoa chupa kwenye kikapu. Alinusa, akamimina tone kiganjani, akaonja. "Sukari iliyounguzwa," alisema. "Na maji."

Kisha akaniambia mambo ambayo yalinistua zaidi ya lile shimo. Maharage niliyompikia mume wangu kila siku, huku mtoto akinung'unika hatua tatu kutoka kwenye sufuria, ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Yapikwe mpaka yalainike, yamenywe maganda, yapondwe, yachanganywe na uji. Karanga zitwangwe. Dagaa wasagwe. Na yai.

"Kwetu mtoto mdogo hapewi yai," nilisema.

"Hata kwetu. Yai la kwanza nilikula nikiwa chuoni, tena kwa woga." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Lakini hayo ni ya baadaye. Sasa hivi amezidiwa, ukimpa chakula kingi ghafla utamuumiza. Daktari amwone kwanza, kifua na minyoo. Hayo si yangu."

Tulilazwa. Alimnywesha maziwa ya unga yaliyokorogwa, kidogokidogo kwa kikombe, kila baada ya muda, naye alinifundisha kumshika kichwa. Siku ya tano uvimbe ulianza kushuka. Siku ya saba nilimfunua kanga asubuhi nikapiga kelele mpaka wagonjwa wakainuka. Mashavu hayakuwapo. Mapaja hayakuwapo. Kulikuwa na mifupa, na ngozi iliyokunjamana kama ya kizee, na macho makubwa.

"Mmemmaliza!" nilimwambia msichana alipokuja mbio. "Nilikuja na mtoto, tazama mlichonirudishia!"

Alinishika mabega. "Huyu ndiye aliyekuwa ndani ya yale maji, mama. Alikuwa hivi siku zote. Hukuweza kumwona."

Nilikaa kitandani. Miezi mitano watu wazima, wenye akili zao, tumemsifu. Mimi mwenyewe nimepiga magoti kushukuru.

Siku iliyofuata binti yangu alilia. Alilia kwa hasira kikombe kilipochelewa, akapiga teke. Wanawake wa wodini walicheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Mama yangu alikuja kutoka Kwedizinga baada ya kuletewa habari. Kila asubuhi msichana aliwakusanya kina mama uani, akapika mbele yao na kueleza. Mama alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, kwa kuwa alikuwa mtu mzima na hakupenda kufundishwa kupika na binti wa watu. Siku ile msichana alisema, "Mtoto akiachishwa ziwa ghafla akapewa muhogo mtupu, huvimba, nywele zikabadilika rangi, akanyong'onyea. Watu husema kabemendwa. Si kubemendwa. Ni chakula."

Mama alipita katikati ya watu mpaka mbele. "Rudia hapo, mwanangu."

Msichana akarudia.

"Na miguu? Inavimba miguu kwanza?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

Mama hakuitikia. Aliketi chini kwenye vumbi, yeye aliyekuwa haketi bila mkeka. "Kabla ya huyu nilikuwa na wawili," alisema, akininyooshea mkono bila kunitazama. "Wote walikufa hivyo. Mume wangu wa kwanza alinirudisha kwa baba yangu, akasema mbele ya watu kuwa siwezi kuuzuia mwili wangu. Nimeubeba ubaya huo mpaka leo. Kumbe sikuwabemenda."

Nilikuwa na umri wa kuzaa mara ya pili, na sikuwahi kujua kuwa nilitanguliwa na ndugu wawili, wala kwamba mama alikuwa na mume mwingine kabla ya baba yangu. Nilimkodolea macho mama kama mgeni.

Halafu niliona uso wake ukibadilika tena. "Lakini bada niliwapa mimi," alisema taratibu. "Kwa mkono wangu huu."

Msichana alipiga magoti mbele yake. "Uliwapa ulichokuwa nacho, bibi. Hakuna aliyekuambia."

Tuliporuhusiwa, nilimsindikiza mama mpaka Segera apate gari la Handeni. Nilikuwa nimebeba mtoto mgongoni na maneno yangu moyoni. Nilitaka nimkute yule mwenye koti mbele ya mstari wake nimwaibishe.

Meza ilikuwapo, yeye hakuwapo. Mke wake alitoka uani akatukaribisha, akasema amekwenda sokoni, tungoje. Alikuwa mwanamke mpole. Alituletea maji ya kunywa, kisha akamtoa mtoto wake mdogo ndani, akamketisha kwenye ngazi mbele yetu.

"Wetu huyu," alisema kwa fahari. "Baba yake anamlisha kwa elimu yake. Mwone alivyo mnene."

Mama na mimi tulitazamana. Sitasahau jinsi mama alivyoweka kikombe chini. Aliinama, akaushika mguu wa yule mtoto, akabonyeza kama alivyoona Korogwe, akaondoa kidole. Mwenye mtoto alilitazama shimo, akatutazama sisi, tabasamu bado lipo usoni kwa kuwa halikupata nafasi ya kuondoka.

Mumewe alifika wakati huohuo na vitunguu mkononi. Yale maneno yangu yote niliyoyaandaa sikuyapata. Niliuliza moja tu: "Ulisoma wapi?"

Pengine ni kwa sababu alikuwa ameuona mguu, alijibu kweli. Hakusoma. Alikuwa dobi wa daktari mmoja Tanga. Miaka mingi alipiga pasi chini ya dirisha la chumba cha wagonjwa, akasikiliza. Alikuwako mzee mmoja mwenye duka, mtu mnene, aliyekuja kila mwezi, na kila mwezi daktari alimkataza yaleyale: mayai, maziwa, nyama, maharage, karanga. Dobi akayashika kwa moyo. Daktari alipoondoka nchini alimwachia koti.

"Sikudanganya mtu," alisema. "Ni maneno ya daktari. Mwanangu mwenyewe nampa hivyohivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa tapeli. Kwa mtu aliyeamini sikuwa nimejiandaa. Mama akamwambia mwanamke, "Chukua kanga zako, uende na huyu binti yangu sasa hivi." Mama alipanda gari lake la Handeni peke yake, nasi tukapanda la Korogwe, yule mwanamke akimkumbatia mtoto njia nzima.

Msichana wa chakula alimpokea mtoto na kumpa daktari palepale. Mimi nilikuwa nakuja kila siku kutoka kambini kupimisha wangu, na kila siku nilikwenda kitandani kwao. Siku ya nne nilikuta kitanda kitupu. Kifua, walisema, mtoto alikuja na homa ya kifua na mwili haukuwa na nguvu ya kupigana nayo. Nilimkuta msichana nyuma ya jengo, kaegemea ukuta, kitambaa kakivua.

"Nilidhani unawaponya wote," nilimwambia. Lilikuwa neno la kijinga, lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Hapana," alisema. "Wengine wanachelewa."

Baba wa mtoto alikuja mchana kuchukua maiti. Alikuwa amevaa shati la kawaida, nami sikumtambua mpaka alipozungumza. Hakulia, hakugomba na mtu. Alisimama mbele ya yule msichana na kofia mkononi, akauliza kwa adabu, kama mwanafunzi.

"Yule mzee wa Tanga. Aliyekatazwa mayai. Alikuwa anaumwa nini?"

"Sijui, baba," msichana alijibu. "Sikumwona. Labda yeye yalimfaa makatazo hayo."

"Yeye yalimfaa," alirudia.

Alimbeba mtoto wake akatoka, mkewe nyuma yake. Nilibaki nimesimama mlangoni, na binti yangu mgongoni ananivuta nywele kwa nguvu, anataka uji.